Juu ya Hofu katika Kitabu cha Bunyan

Kati ya vitabu vilivyofika vijijini mwetu baada ya Biblia na kitabu cha nyimbo, ni vichache vilivyosomwa sana kama kile cha safari ya Mkristo, alichokitunga John Bunyan, fundi wa masufuria wa Uingereza. Sehemu yake ya kwanza ilipigwa chapa mwaka 1678, na ya pili mwaka 1684. Wenye elimu wamehesabu kwamba kimekwisha kufasiriwa katika lugha zaidi ya 200, na katika hizo 80 hivi ni lugha za Afrika. Basi hatuna haja ya kuwaeleza wasomaji habari za mzigo uliokuwa mgongoni mwa Mkristo, wala za mlango mwembamba, wala za msalaba ambapo mzigo ule ulifunguka ukabingirika hata ukaingia kaburini. Mambo hayo hata watoto wa shule huyasimulia. Tunalotaka kulitazama leo ni jambo moja tu, nalo ni hofu. Bunyan ameisemaje hofu ya mtu aaminiye? Na je, amesema kweli?

Majina ya watu wa kitabu tumeyageuza sisi wenyewe katika maneno haya. Mwenye kitabu mkononi akikuta jina lingine asidhani kwamba tunasema habari za mtu mwingine.

Yatupasa kwanza kujua kwamba mtunzi mwenyewe aliijua hofu kama mvuvi aijuavyo bahari. Alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Katika kitabu kingine alichokitoa mwaka 1666 ameandika habari za maisha yake, na habari hizo zimejaa hofu toka mwanzo hata karibu na mwisho. Alikuwa akipenda kupiga kengele za kanisa. Kisha dhamiri ikamsuta kwamba ni mchezo wa ubatili, akaacha kupiga, lakini akawa anakwenda kutazama wengine wakipiga. Ndipo lilipomjia wazo: je, kengele moja ikianguka? Akasimama chini ya boriti nene ili imkinge. Kisha akawaza kwamba kengele yaweza kuanguka, igonge ukuta, iruke na kumwua hapo hapo alipo. Akahamia mlangoni. Mwisho akawaza kwamba mnara wote waweza kuanguka, akakimbia kabisa. Msomaji atacheka, na afadhali acheke, maana hofu nyingi zikisimuliwa mchana huchekesha. Lakini aliyewahi kulala macho usiku akisikiliza hatua za mtu nje ya nyumba, hata kulipokucha akaona ni mbuzi wa jirani, atacheka kwa adabu.

Baadaye hofu zake hazikuwa za kuchekesha. Mwezi wa Novemba mwaka 1660 alikamatwa kwa sababu ya kuhubiri pasipo ruhusa, akafungwa Bedford miaka 12. Angaliahidi kunyamaza angalifunguliwa. Nyumbani alikuwa na mkewe Elizabeth, na watoto wanne wa mke wake wa kwanza aliyekufa, na mmoja wao, binti aitwaye Mary, alikuwa kipofu. Bunyan hasemi kwamba aliingia gerezani akiimba. Asema kwamba kuachana na mke na watoto kulikuwa kama kuchunwa nyama mifupani, na kwamba aliyemwumiza moyo kuliko wote ni yule mtoto kipofu, kwa kuwaza baridi na njaa na mapigo yatakayompata akiwa hana baba. Asema pia kwamba aliwaza juu ya kunyongwa, na hofu yake kubwa haikuwa mauti tu, bali kwamba atapanda ngazi ya kunyongea huku akitetemeka, na watu waseme kwamba dini yake ni bure. Mtu aliyeandika hayo juu ya nafsi yake hakuwa akijisifu.

Basi tuje kwenye kitabu. Katika sehemu ya kwanza jambo lijulikanalo kuliko yote juu ya hofu ni habari ya simba. Mkristo amekwisha kupanda Kilima cha Shida, giza limeingia, amekutana na wawili wanaokimbia kurudi nyuma kwa sababu ya simba waliowaona. Naye mbele ya Jumba Zuri anawaona simba wale wale, kila mmoja upande wake wa njia nyembamba. Anasimama, anataka kurudi. Ndipo mlinzi wa mlango anapomwita na kumwambia kwamba simba wamefungwa minyororo, na akipita katikati ya njia hawatamfikia. Anapita akitetemeka, anawasikia wakinguruma, lakini hawamdhuru.

Hili ni fumbo zuri sana. Limeandikwa kwa maneno machache, nalo halisahauliki. Mhubiri wa kijijini hana mfano ulio mwepesi kuutumia kuliko huu. Bundi akilia juu ya paa, ni simba mwenye mnyororo. Mtu akikuta kitu kimefungwa kwa kitambaa chekundu mlangoni pake, ni simba mwenye mnyororo. Tumesikia hotuba nyingi za namna hiyo, nasi hatuzibezi, maana watu wengi wamesaidiwa nazo. Nguvu za uchawi zikae katika hofu tupu, na hofu hiyo ikiondolewa, mchawi hubaki mtu mwenye hirizi na njaa zake.

Lakini fumbo la simba lina upungufu wake, na tusipousema tutawadanganya wasikiao. Linafundisha kana kwamba hofu ni kosa la macho tu: mwoga hakuona mnyororo, na angaliuona asingaliogopa. Je, simba wote wamefungwa? Bunyan mwenyewe alijua sivyo. Kurasa chache mbele, katika Soko la Ubatili, mwenzake Mkristo aitwaye Mwaminifu anakamatwa, anahukumiwa kwa ushahidi wa uongo, anapigwa na kuchomwa moto hata kufa. Simba yule hakuwa na mnyororo. Wakristo wa Madagaska waliijua habari hiyo kuliko sisi. Mwaka 1835 Malkia Ranavalona wa Kwanza aliikataza dini ya Kikristo, na mwaka 1837 mwanamke aitwaye Rasalama akauawa kwa mikuki, wa kwanza kati ya wengi. Katika miaka ile ya kujificha walikisoma kitabu hiki cha Bunyan katika maandiko ya mkono, wakakinakili kwa siri, wakajiona humo. Hatudhani kwamba walikipenda kwa ajili ya simba wenye minyororo. Kwa watu kama hao, kusema usiogope kwa maana hakuna neno litakalokupata, kungalikuwa maneno ya mtoto.

Hapa ndipo penye hatari kwetu pia. Tukihubiri siku zote kwamba mwenye imani haogopi, watu hawaachi kuogopa. Wanaacha kusema kwamba wanaogopa. Tunazijua nyumba ambamo mtoto akishikwa na degedege usiku, mama huomba kwa sauti mbele ya majirani, na baba hutoka kwa mlango wa uani kwenda kwa mganga. Asubuhi ukimwuliza baba huyo hatakiri kwamba aliogopa, maana amefundishwa kwamba kuogopa ni kukana imani. Na kwa kuwa ameona haya kuileta hofu yake kanisani, ameipeleka mahali inapopokewa bila kuulizwa. Mganga hamkemei mtu kwa kuogopa. Humkaribisha, humsikiliza, kisha humdai kuku. Kama kanisa lina neno la kumwambia baba yule, yatupasa kulitafuta, wala halimo katika fumbo la simba.

Sisi twaona kwamba limo katika sehemu ya pili, ambayo wasomaji wengi huiacha. Sehemu hiyo yasimulia jinsi mke wa Mkristo na watoto wake walivyofuata njia ile ile baadaye, wakiongozwa na mtu shujaa aitwaye Moyo Mkuu. Njiani wanamkuta mzee mmoja, Mnyofu, amelala chini ya mwaloni. Nao wakitembea wanazungumza juu ya msafiri aliyepita zamani, ambaye Moyo Mkuu alimwongoza na Mnyofu alimjua kwao. Jina lake kwa Kiingereza latoka katika neno la kuogopa. Sisi twamwita Mwenye-Hofu. Mfasiri aweza kushawishika kumwita Mwoga, lakini ni kosa, kama tutakavyoonyesha.

Huyu Mwenye-Hofu alifika kwenye kinamasi kilicho mwanzoni mwa njia akalala kando yake zaidi ya mwezi mzima akilia. Aliwaona wengine wakipita, na wengine walimpa mkono, lakini hakuthubutu; wala hakukubali kurudi nyumbani. Asubuhi moja ya jua akavuka, hata yeye mwenyewe hajui alivyovuka, na alipokwisha kuvuka hakusadiki kwamba amevuka. Moyo Mkuu asema kwamba mtu yule alikuwa na kinamasi ndani ya moyo wake, akakichukua kila alikokwenda. Alipofika mlangoni alisimama kando akawaachia wengine waingie mbele yake, akisema kwamba yeye hastahili. Nyumbani kwa Mfasiri alikaa nje katika baridi siku nyingi kabla ya kugonga, ijapokuwa katika vazi lake alikuwa na barua ya kumwombea apokewe vema na apewe kiongozi hodari, kwa kuwa ni mtu wa moyo mdogo. Barua imo kifuani, mwenyewe anakaribia kufa kwa baridi nje ya mlango! Hatujui kama yuko mtunzi mwingine aliyeandika hali hii kwa upole namna hii. Tumewaona watu wa jinsi hiyo, waliobatizwa miaka mingi, wakaao karibu na mlango wa kanisa, ambao siku ya Meza ya Bwana huondoka kimya kimya si kwa sababu ya dhambi iliyo wazi bali kwa sababu hawathubutu.

Sasa msomaji aangalie yale yasiyomtisha. Kilima cha Shida hakikumtisha. Simba hawakumtisha. Simba wale wale waliomsimamisha Mkristo, aliyepigana na Apolioni baadaye, huyu mnyonge aliwapita bila shida. Katika Jumba Zuri aliona haya kukaa na watu, lakini alipenda kusimama nyuma ya pazia akisikiliza mazungumzo mema. Katika Bonde la Unyenyekevu, ambako Mkristo alikutana na adui yake, Mwenye-Hofu alifurahi kuliko mahali pote. Alilala chini, akaikumbatia nchi, akayabusu maua, akaamka alfajiri kila siku kutembea humo. Na katika Soko la Ubatili, kiongozi wake alidhani kwamba atapigana na watu wote wa soko, jinsi alivyowaka hasira kwa upuzi wao, hata Moyo Mkuu akaogopa kwamba watapigwa wote wawili. Je, huyo ni mwoga? Methali yetu yasema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, maana yake mwoga hujiponya kwa kukimbia hatari. Mwenye-Hofu hakukimbia hata siku moja. Hatari za watu na wanyama hazikuwa kitu kwake. Aliogopa jambo moja tu, kwamba mwisho wa safari yote hatapokewa.

Katika neno hili Bunyan amepambanua jambo ambalo wahubiri wengi wamelichanganya. Iko hofu ya mambo yawezayo kuudhuru mwili, na iko hofu ya kukataliwa na Yule umpendaye. Lugha yetu hapa ina mali ambayo Kiingereza hakina. Waingereza wana neno moja kwa mambo yote mawili, yaani kumwogopa chui na kumwogopa Mungu. Nalo jina la msafiri yule limetoka katika neno hilo, likachukua maana zote mbili kwa pamoja. Sisi tuna kuogopa, na tuna kucha. Tunamcha Mungu, hatumchi chui. Katika kufasiri twapata na kupoteza. Twapata, kwa kuwa msomaji wetu hawezi kudhani kwamba kumcha Mungu ni kutetemeka kama panya. Twapoteza, kwa sababu mtu huyu alisimama mahali ambapo maneno mawili yanakutana: kucha kwake kulikuwa kumeharibika kukawa kuogopa, na ndani ya kuogopa kwake kulikuwa na kucha kwa kweli. Mfasiri hana jina la kuyachukua yote mawili. Mwoga litakuwa tusi, na Mcha-Mungu litakuwa sifa aliyoikataa mwenyewe.

Tumekaribia fundo la jambo lenyewe, nalo ni mto. Wasomaji watakumbuka kwamba mwisho wa safari upo mto usio na daraja, nao ni mauti. Katika sehemu ya kwanza Mkristo na mwenziwe Tumaini wanaambiwa na wale wenye kung'aa kwamba maji watayaona yana kina kirefu au kifupi kwa kadiri ya imani yao kwa Mfalme wa mji. Wanaingia. Na Mkristo, aliyemshinda Apolioni, aliyeshinda Bonde la Uvuli wa Mauti, aliyetoka katika ngome ya Jitu kwa ufunguo wa Ahadi, anaanza kuzama. Giza linamfunika, anakumbuka dhambi zake, anaona mizuka, na Tumaini ana kazi kubwa kukiweka kichwa chake juu ya maji. Kisha katika sehemu ya pili anakuja Mwenye-Hofu. Ukingoni mwa mto anaogopa tena kuliko zamani, asema sasa atazama milele, wala hatauona kwa raha uso ule aliousafiria mbali hivi. Na Moyo Mkuu asema kwamba siku hiyo aliona ajabu: maji ya mto yalikuwa yamepungua kuliko alivyopata kuyaona maisha yake yote, na Mwenye-Hofu akavuka akilowa miguu tu.

Wengine wamesema kwamba hapa mtunzi amejipinga. Kama kina ni kwa kadiri ya imani, basi mtu mwenye hofu nyingi angalikuta maji mengi. Sisi twadhani kwamba hakujipinga, na kwamba hapa ndipo alipoandika lililo bora katika kazi yake yote. Kama maneno ya wale wenye kung'aa ni kweli, na maji yalipungua, basi imani ya Mwenye-Hofu ilikuwa kubwa kuliko aliyoidhani yeye, na kuliko tuliyoidhani sisi tuliokuwa tukimhurumia ukurasa baada ya ukurasa. Hakuipima sawa kwa sababu aliipima kwa kutetemeka kwake. Lakini imani yake ilikuwa miguuni. Katika njia yote ile hakugeuka nyuma hata hatua moja. Alilala kando ya kinamasi mwezi mzima, lakini alilala uso wake umeelekea mbele. Yule baba wa Injili ya Marko, aliyeleta mwanawe kwa Yesu akakiri kwa machozi imani yake na kutoamini kwake kwa pumzi moja, naye hakurudishwa nyumbani ajifunze kwanza kutotetemeka. Mwanawe aliponywa siku ile.

Tena yako maneno mengine ambayo msomaji wa haraka huyapita. Moyo Mkuu asema kwamba Mwenye-Hofu alipopita Bonde la Uvuli wa Mauti, bonde lilikuwa kimya kuliko siku zote, kana kwamba adui walikatazwa wasisumbue hata apite. Naye alipiga kelele humo kwa kuogopa mizuka, wala hakujua kwamba siku ile hapakuwa na kitu. Kwa hiyo ule ukimya haukumfariji hata kidogo! Mtunzi wa kawaida angalimfanya atambue, ashukuru, na aanze kuimba. Bunyan hakufanya hivyo. Amemwacha mtu wake alindwe bila kujua kwamba analindwa, aogope katika bonde lililonyamazishwa kwa ajili yake. Anayejua ni kiongozi, naye asimulia baada ya miaka. Kwa hukumu yetu hili ni kweli kuliko fumbo la simba, maana katika maisha yetu ni mara chache mlinzi wa mlango hutuita na kutuambia habari za minyororo.

Tusije tukaonekana kwamba tunasifu kila kitu. Habari hii ya Mwenye-Hofu imeharibiwa kidogo na mtunzi wake. Ikiisha tu, kila mtu katika msafara anasema neno lake: Kristiana asema lake, na Rehema lake, na watoto Mathayo na Yakobo kila mmoja lake, kama darasa linapoulizwa na mwalimu siku ya mkaguzi. Sisi walimu twaijua tabia hiyo, kutomwachia msikiaji hata tonge moja alitafune mwenyewe. Moyo Mkuu naye aleta mfano wa kinanda, kwamba mpiga kinanda hugusa kwanza uzi mnene ili kulinganisha sauti, na Mungu kadhalika humgusa mtu kwa huzuni kwanza. Ni mfano wa akili, lakini haukuhitajiwa. Anayesoma mbele ya watu aweza kuziruka aya hizo wala asipoteze kitu.

Kosa lililo zito liko katika mwisho wa sehemu ya kwanza. Mtu aitwaye Mjinga, aliyesafiri njia yote akijitumaini nafsi yake, anavuka mto kwa mashua, anafika hata mlango wa mji, anabisha, anakosa cheti, anafungwa mikono na miguu na kutupwa jehanamu kwa mlango ulio ubavuni mwa kilima. Mtunzi anamaliza kitabu karibu na hapo. Mafundisho yake hatuyabishi. Lakini fikirini mtu wa moyo mdogo anaposikia hayo saa mbili usiku katika nyumba yenye kibatari kimoja. Atauliza: nitajuaje kwamba mimi si yule? Sehemu ya kwanza haimjibu vizuri, yamwacha mlangoni. Twaona kana kwamba Bunyan, kwa muda wa miaka sita, alisikia swali hilo kwa waumini wake, akaandika Mwenye-Hofu kuwa jibu: aliye na hofu ya kukataliwa ndiye maji yalimpungukia.

Vivyo hivyo kwa habari ya watoto. Sehemu ya kwanza yaanza na Mkristo akiziba masikio kwa vidole na kukimbia, mkewe na watoto wakimlilia nyuma. Hakuna ukurasa ambao umewaudhi wasomaji wa Afrika kama huo, na kwa haki; kwetu mtu akimbiaye moto akaacha watoto ndani hasifiwi. Twastaajabu kwamba aliyeandika hayo ndiye yule aliyelia gerezani kwa ajili ya binti kipofu. Hofu ya mtu kwa ajili ya mwingine, ambayo ndiyo inayomtoa baba kwa mlango wa uani usiku, haikupewa nafasi kubwa katika sehemu ya kwanza. Mkristo anaogopa zaidi kwa ajili yake mwenyewe. Ilibidi mtunzi arudi na kalamu yake baada ya miaka sita awafuate mke na watoto, awape kiongozi mwenye upanga, awapitishe polepole kwa mwendo wa wanyonge. Ndiyo maana sehemu ya pili haina vita vya kusisimua kama ya kwanza. Ina vilema, wazee, mtu mwenye magongo mawili, wanawake na watoto. Msafara mzima unapunguza mwendo ili kuwangoja. Vijana husema inachosha. Wakiisha kuoa na kuuguza watakisoma tena.

Neno moja zaidi kabla ya kuweka kalamu. Katika Ngome ya Mashaka, Moyo Mkuu anapomwua Jitu na kuibomoa ngome, wanakutwa humo hai mzee mmoja aliyekata tamaa na binti yake aitwaye Hofu-Nyingi. Wanatolewa. Njiani watu wanafurahi, na binti huyu anashikwa mkono na yule mwenye magongo, naye anacheza ngoma kwa gongo moja, na kitabu chasema kwamba walicheza vizuri. Baadaye, saa ya baba yake ya kuvuka mto inapofika, binti anavuka pamoja naye. Anaingia majini akiimba, lakini hakuna aliyeweza kuelewa maneno aliyokuwa akiyasema. Bunyan, ambaye hueleza kila kitu hata kengele na kinanda, hapa hakueleza. Hakusema kama hofu ilimtoka, wala kama aliimba kwa furaha au kwa kujipa moyo.

Walio na kitabu chenye sehemu zote mbili, nao hukisomea jamaa zao jioni, wajaribu safari hii kuanzia pale mzee Mnyofu anapoamshwa chini ya mwaloni, wasome hata kuvuka kwa Mwenye-Hofu, kisha wafunge kitabu bila kuuliza maswali. Ni kazi ya jioni moja, nayo haitamaliza mafuta ya taa.